Muda wa Kulipia Nyumba ya Mzee Nicolaus

Same,
21 Machi 1994

Mjomba wangu Chande,

Shikamoo. Na mkaza mjomba Salama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimewachanganya.

Idd imetukuta wazima. Nilikwenda Kisiwani kula pilau na Mama. Goti lake la kushoto bado linamsumbua, ila linamsumbua wakati wa kupalilia. Wakati wa kwenda harusini linapona. Mvua hatujaiona. Mawingu yanakaa juu milimani, wenzetu wa huko wananyeshewa, sisi wa chini tunabaki na upepo. Makande yangu yanauzika, hasa mabasi yanaposimama asubuhi, lakini maharage yamepanda bei na wateja hawataki kusikia habari hiyo.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikae niandike. Nyumba ninayopanga unaifahamu, ya Mzee Nicolaus, yule Mgweno wa Kighare aliyestaafu reli. Vyumba viwili vya mbele ndiyo hoteli yangu. Nyuma anakaa yeye na mkewe, Mama Novatus. Wiki iliyopita alikuja mtu wa dalali wa mahakama akabandika tangazo mlangoni. Nyumba inapigwa mnada.

Kisa chenyewe ni cha siku hizi. Mzee alichukua mabati na saruji kwa mkopo kwa tajiri mmoja wa Moshi ili afungue duka. Akalifungua wakati ambao kila mtu alikuwa anafungua duka. Bidhaa zikaingia kwa wingi kutoka nje, bei zikashuka, naye akabaki na mali aliyoichukua kwa bei ya juu. Saruji nyingine iligandia stoo. Tajiri akaenda mahakamani akashinda.

Nilimkuta Mzee amevaa miwani anasoma lile tangazo. Nikamwambia, "Pole, mzee."

Akasema, "Wameandika vizuri. Hata jina langu hawakulikosea." Akachukua ufagio akaendelea kufagia ua.

Mjomba, Idd ya mwaka jana ulisema mbele ya Mama kwamba kiwanda kikikulipa mafao utarudi nyumbani, ukaniambia nitafute mahali hapa Same tushirikiane. Sidai. Nakumbusha kama mtoto anavyomkumbusha mzazi, kwa kuzunguka. Kuna mtu wa Arusha amekuja kuitazama nyumba mara mbili. Anataka aibomoe ajenge gesti. Akiinunua, sijui mimi na sufuria zangu tutakwenda wapi, na hao wazee sijui watakwenda wapi. Niingie mnadani, au nikae kimya?

Nangoja neno lako.

Mpwa wako,
Mwamvita

*

Morogoro,
3 Aprili 1994

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba. Na wewe nifikishie shikamoo kwa dada yangu Mwanamkasi, umwambie goti hilo si ugonjwa, ni miaka imemkalia hapo.

Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako amefuga kuku, na kwa ajili ya kuku hao amegombana na majirani wa pande zote isipokuwa upande wa barabara. Kiwandani mashine zimenyamaza tangu Februari. Mwanzoni nilikosa usingizi, maana kwa miaka ishirini na miwili nimelala nikizisikia. Sasa nazoea. Wanasema kiwanda kimepata mnunuzi, na mnunuzi hatuhitaji sisi, anahitaji majengo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Salama asikie. Unajua watu wa kwetu Upare wanavyosemwa, kwamba mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili aende mahakamani kudai mbuzi. Basi wewe utakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia mahakamani bila kugombana na mtu.

Ingia mnadani. Mafao yapo. Saini tumeshatia, anangojwa mkubwa mmoja arudi kutoka Dar es Salaam. Yakitoka nayatuma kwa hawala ya posta siku hiyo hiyo. Nilisema tutashirikiana, na mimi si mtu wa kusema Idd nikasahau Idd nyingine.

Ila nakukanya jambo moja. Ng'ombe wa mama yako usiwaguse. Wale wawili ndio tegemeo lake, na mimi ndiye niliyemnunulia yule mkubwa. Nikisikia umewagusa nitakuja Same kwa miguu.

Huyo Mzee Nicolaus mpe pole yangu. Mtu wa reli ni kama mtu wa kiwanda, hajafundishwa kuuza.

Mjomba wako akupendaye,
Chande

*

Same,
24 Aprili 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kuku wa mkaza mjomba nawatakia amani na majirani. Mama anakusalimu. Mvua imenyesha Kisiwani siku tatu, mpunga umeamka. Hapa mjini imetugusa kidogo, imelaza vumbi tu.

Mjomba, nyumba nimeipata.

Mnada ulikuwa jana asubuhi, pale pale mlangoni. Dalali alishuka kwenye gari na kengele mkononi akaipiga mpaka soko likahamia kwetu. Halafu akasoma masharti: atakayeshinda atatoa robo ya bei hapo hapo, na iliyobaki ataimaliza ndani ya siku kumi na tano. Asipoimaliza, robo yake imepotea na nyumba inarudi mnadani.

Watu waliingia uani wakapima kuta kwa viganja, wakachungulia choo, wakagonga milango kama wanaonunua matikiti. Mzee alikaa ndani, mlango wazi, tukawa tunaona miguu yake tu. Mama Novatus alikuwa jikoni.

Waliotaja bei tulikuwa watatu: yule wa Arusha, mfanyabiashara mmoja wa Lembeni, na mimi na kanga yangu ya jikoni kiunoni. Nilipotaja mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Wa Lembeni aliacha mapema. Wa Arusha alikwenda akapima uwanja kwa hatua, akamwambia mwenzake kwamba magari ya wageni hayatapata pa kuegesha, akanyamaza. Dalali akahesabu mara tatu, akanigeukia akauliza jina langu kamili. Nikashindwa kulitamka, akanisaidia muuza nyanya.

Robo niliitoa. Usiniulize nimeikusanyaje. Ilikusanyika.

Watu walipotawanyika Mzee alitoka nje, akanipa mkono, akasema, "Hongera, mama mwenye nyumba." Mjomba, nimeshafiwa na mume, nimeshafukuzwa sokoni na mgambo, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama jana. Nikamwambia, "Mzee, niite Mwamvita." Akasema, "Jina hilo nitaendelea nalo."

Sasa ni wewe na mimi na siku kumi na tano. Nitapita posta kila siku.

Mpwa wako,
Mwamvita

*

SIMU YA MAANDISHI
MOROGORO 2 MEI 1994
KWA MWAMVITA SALEHE SAME

HONGERA. FEDHA BADO. OMBA MAHAKAMA IONGEZE MUDA. BARUA INAKUJA. CHANDE

*

Same,
12 Mei 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naamini mnaendelea vizuri, ingawa naamini bila ushahidi, kwa sababu barua uliyosema inakuja haijafika. Huenda imepelekwa Same nyingine. Mama hajambo, anauliza habari zako kila nikienda, nami namjibu kama ninavyojijibu.

Simu yako ilinitia baridi, lakini nilifanya ulivyoniagiza. Pale nje ya mahakama kuna mzee anayepiga chapa maombi ya watu. Nikamweleza, akaniandikia ombi la kuongezewa muda, maneno mazito mpaka nikahisi ni mtu mwingine anaomba.

Kabla ya kulipeleka nilikwenda uani kuwaambia wazee, nisije nikaonekana nawazunguka. Mama Novatus alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia fedha za kumalizia zimechelewa, nakwenda kuomba muda.

Akauliza bila kuinua uso, "Na ukinyimwa?"

"Nitapoteza robo yangu, mama, na nyumba itanadiwa tena."

"Kwa hiyo watarudi na kengele."

"Ndiyo, mama."

Mzee akasema atakuwepo mahakamani, kwa sababu ameitwa.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa. Wakili wa tajiri alikuja kutoka Moshi, na tajiri mwenyewe. Akasimama akasema sheria imetaja siku kumi na tano na haikuitaja ya kumi na sita. Hakimu ni mtu mtulivu. Akaniambia, "Mama, siku hizi si zangu kuzivuta. Lakini mdai na mdaiwa wakikubaliana kwa hiari yao, nitayaandika makubaliano yao na yatakuwa amri."

Wakili akainama akaongea na tajiri. Akasema mteja wake anataka fedha, hana haja na mnada wa pili unaoweza kuleta bei ndogo. Mzee Nicolaus akikubali, naye atakubali, mpaka mwisho wa Juni.

Basi kila mtu akamgeukia Mzee. Mjomba, mimi sikuthubutu kumtazama. Mtu yeyote angekataa. Mimi nikishindwa, yeye anapata miezi mingine ya kukaa kwake, na labda mwanawe Novatus aliyeko Dar angekumbuka kwao.

Mzee alivua kofia. "Mheshimiwa, nikisema hapana inakuwaje?"

"Mnunuzi anapoteza alichotoa, nyumba inanadiwa upya. Unaweza kupata bei nzuri zaidi, unaweza kupata mbaya."

"Na mnada unakuwa pale pale mlangoni?"

"Pale pale."

"Basi apewe muda."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mzee, unafahamu kwamba hulazimiki? Nipe sababu niiandike."

Mzee akasema, "Siku ile mke wangu alishindwa kutoka kuchota maji, kwa sababu watu walikuwa wamejaa uani wanapima kuta. Akakaa jikoni mpaka adhuhuri na ndoo tupu. Sitaki alipitie tena. Na huyu Mwamvita, katika wote walioingia kwangu tangu lile tangazo libandikwe, ndiye peke yake aliyebisha hodi."

Hakimu akaandika. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni.

Tukarudi kwa miguu, mimi na yeye, yeye mbele. Tulipofika kwenye reli akasimama akaniuliza, "Ukimaliza kulipa, sisi tuondoke lini?" Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ya treni. Nikamwambia tutazungumza. Mjomba, ungekuwa wewe ungejibu nini? Nifundishe, maana sasa kila nikipika nasikia swali hilo.

Na fedha, Mjomba. Sitasema zaidi ya hapo.

Mpwa wako,
Mwamvita

*

Morogoro,
22 Mei 1994

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba, na heri ya Idd kubwa. Sisi tulichinja kuku, jogoo mgomvi, na majirani wote tuliwapelekea mchuzi, kwa hiyo sasa upande wetu wote una amani. Salama anakuambia umefanya kazi ya wanaume kumi. Mimi nilisema watano, akanisahihisha.

Habari ya mahakamani nimeipenda sana. Huyo Mzee ni mtu. Unaniuliza ningemjibu nini. Mzee hafukuzwi, mwanangu, na hata akitaka kuondoka mwenyewe anabembelezwa. Mwambie aketi, mle pamoja, na swali lake liache lipoe. Maswali mengine yakipoa yanaonekana hayakuwa na haja.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo, mama yako alinibeba mgongoni kunivusha mfereji kule Kisiwani, maji yalikuwa yamejaa, akateleza, akaanguka yeye chini mimi juu. Mpaka leo anasema nilicheka. Sikucheka, nilikuwa nalia, ila kinywa changu kimeumbwa hivyo.

Lile jambo letu liko njiani. Njia ni ndefu kidogo. Wakati nangoja nimepata shughuli ndogo ya kujishikiza mjini.

Ng'ombe wa dada hawajambo? Nilipokukanya hukunijibu kitu.

Usiniwazie vibaya.

Mjomba wako,
Chande

*

Same,
4 Juni 1994

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nilimpelekea Mama nikamsomea. Kwenye habari ya mfereji alisema, "Alicheka." Nimekufikishia.

Baridi imeshuka kutoka milimani, watu wanakunywa chai mara mbili. Ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Neno lako kuhusu Mzee nimelifuata. Nimemwambia yeye na mkewe hawaondoki, wala isitajwe tena. Mzee akasema, "Tutaona." Kesho yake niliamka nikakuta Mama Novatus amenichotea maji ya hoteli, ndoo zote.

Sasa, Mjomba, nina mambo mawili. Nayaandika haraka kabla sijaogopa.

La kwanza ni ng'ombe. Wameuzwa wote wawili. Mama aliwauza mwenyewe kabla ya mnada, nikakuta zizi tupu na fedha zimefungwa kwenye kanga. Nilimwambia umekataza. Akasema, "Chande tangu anaota meno anadhani anatoa amri." Robo ya bei ilitoka kwenye akiba yangu na kwa wale ng'ombe. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka uje kwa miguu.

La pili. Kuna dereva wa lori anaitwa Zefania, mtu wa Lembeni, anapeleka maharage Morogoro na akirudi anakula kwangu, na wewe anakufahamu kwa sura. Wiki hii aliniambia amekuona. Alisema ulikuwa kwenye geti la kiwanda, umevaa koti refu la ulinzi, unamfungulia mwenye kiwanda mpya. Alisema ulimsalimu vizuri, ukamwomba asiseme. Lakini Zefania hawezi kukaa na siri na sahani ya makande kwa wakati mmoja. Usimlaumu.

Mjomba, sikuulizi kitu. Kazi ni kazi, na anasema koti limekukaa vizuri. Nilichotaka kukuambia ni kwamba sitafuti fedha kwako kuliko ninavyokutafuta wewe. Kama mafao hayapo, andika hayapo. Nitakwenda kwa hakimu nimwambie nimeshindwa. Robo ikipotea tutaililia siku mbili, tutaanza upya na sufuria. Hicho ninaweza kukibeba. Ninachoshindwa kubeba ni barua zako zinazozungumza habari za kuku.

Mama hajui habari ya geti. Nimemwachia nafasi umwambie wewe.

Mpwa wako,
Mwamvita

*

Morogoro,
15 Juni 1994

Mwanangu,

Marahaba. Salama hajambo, mimi hivyo hivyo. Leo salamu zangu ni fupi.

Mafao yalilipwa. Yalilipwa mwezi wa Aprili, kabla barua yako ya mnada haijafika. Simu niliyokupigia haikuwa ya kweli.

Nikuelezee ilivyokuwa. Tuliitwa kwa majina, tukapanga mstari ule ule tuliokuwa tunapanga siku za mshahara. Wakanipa bahasha. Nikatoka nje nikakaa chini ya ukuta, nikaifungua. Hawakuniibia. Kila kitu kiliandikwa sawasawa, miaka yangu yote ilikuwepo. Ila Mwamvita, nilipoanza kazi, kwa fedha kiasi kile ungejenga nyumba mbili Same na ungebakiwa na ya baiskeli ya kuzizungukia. Sasa ilikuwa kama nusu ya deni lako. Fedha haikupungua. Ni dunia iliyokwenda mbele ikaiacha.

Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote. Dada yangu, wewe, watu wa Kisiwani kila Idd, Chande akilipwa, Chande akilipwa. Nilipotaka kuituma mkono ulikataa. Kutuma nusu niliona ni kama kukiri kwamba na ile miaka nayo ilikuwa nusu. Nikasema nitatafuta kazi niijazie. Kazi niliyoipata ni hiyo aliyoiona Zefania. Mwenye kiwanda mpya ni kijana, ananisalimu shikamoo akipita getini, naona aibu kuitikia.

Halafu ikaja barua yako ya huyu Mzee aliyesimama mbele ya watu, na nyumba yake imeshauzwa, akakupa wewe muda. Na mimi mjomba wako nilikuwa nimeufungia muda wako kwenye sanduku chini ya kitanda. Salama aliisoma barua hiyo akanitazama. Siku tatu nilipikiwa vizuri sana. Huo ndio ukali wake.

Hawala imo ndani ya bahasha hii. Ni mafao yote, sijachukua kitu. Najua hayatoshi. Mwambie hakimu kwamba mjomba wako ametoa chote alichokuwa nacho, na kama sheria ina mahali pa kuandika hilo, aliandike.

Kuhusu kurudi, mwanangu, usinitegemee. Mtu aliyeondoka kijana akisema atarudi tajiri, hawezi kurudi na koti la mlinzi. Nitabaki huku na Salama. Ng'ombe wa dada yangu nitamlipa, Mungu akinipa uhai. Barua hii msomee yote, na pale kwenye geti usiruke.

Mjomba wako,
Chande

*

Same,
9 Julai 1994

Mjomba wangu Chande,

Shikamoo, shikamoo nyingi. Hawala yako ilifika salama, karani wa posta akanihesabia polepole kwa sababu nilikuwa nalia na alidhani nimepunjwa.

Sisi wazima. Mpunga wa Kisiwani umevunwa, si haba. Mama hajambo, habari zake nitazifikia baadaye.

Nikueleze kwa mpangilio. Nilipeleka fedha mahakamani. Karani akapiga hesabu yake: robo niliyotoa, pamoja na zako, vinamaliza haki ya yule tajiri wa Moshi na gharama za mnada. Kilichobaki kwenye bei, akasema, si cha tajiri tena. Nyumba ikiuzwa zaidi ya deni, kinachozidi ni cha aliyekuwa mwenye nyumba. Lakini mimi ilikuwa lazima nikitoe, la sivyo sijamaliza kununua. Na mwisho wa Juni ulikuwa unanigongea mlango.

Nikarudi nyumbani. Mzee alikuwa anatengeneza kiti. Nikakaa chini, nikamwambia, "Mzee, nimepungukiwa. Mjomba wangu ametoa mafao yake yote, na bado nimepungukiwa."

"Zilizobaki ni za nani?"

"Ni zako wewe."

Akaacha nyundo. "Yaani mahakama inakuharakisha ulipe fedha zangu, na mimi mwenyewe sijaziulizia?"

"Ndivyo ilivyo, mzee."

Mjomba, tangu tangazo lile sikuwa nimemwona akicheka. Alicheka mpaka Mama Novatus akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Tukaenda mahakamani siku iliyofuata, sote watatu, Mama Novatus amevaa gauni la kanisani. Mzee akamwambia hakimu kwamba fungu lake asilipwe sasa. Atalipwa kila mwezi kwa kadiri hoteli inavyoingiza, na yeye na mkewe watakaa vyumba vya nyuma bila kodi maisha yao yote. Hakimu akaniuliza kama nakubali. Nikasema nakubali. Akamuuliza Mzee, "Amalize lini? Lazima niandike tarehe."

Mzee akasema, "Andika ya mbali, mheshimiwa."

Nilimweleza hakimu ulivyoniagiza, kwamba mjomba wangu ametoa chote. Alisema sheria haina mahali pa kuandika hilo. Kisha akasema, "Lakini nimelisikia."

Juzi dalali alikuja kunikabidhi nyumba. Utaratibu wao ni kwamba wenyeji watoke nje, waukabidhi ufunguo, mnunuzi afungue mwenyewe. Basi Mzee na Mama Novatus wakatoka. Wakasimama uani, yeye kofia mkononi, mkewe na kanga mpya. Mzee akanipa ufunguo. Nikaupokea kwa mikono miwili. Nikafungua mlango ambao nimeufungua kila asubuhi kwa miaka sita. Halafu hakuna aliyejua kinachofuata. Dalali alisimama na karatasi zake, sisi tumesimama, majirani wamesimama barabarani. Upepo ukavuma.

Mama Novatus akasema, "Chai inapoa." Akanipita mlangoni akaingia ndani. Mzee akamfuata. Nikaingia mimi. Dalali akatazama saa yake, akavua viatu, naye akaingia.

Sasa habari yako wewe. Nilikwenda Kisiwani nikamsomea Mama barua yako yote, na pale kwenye geti sikuruka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono iko mapajani. Nikangoja aseme kitu juu ya ng'ombe, au juu yako. Akaniuliza tu kama nimekula.

Jumamosi yake nikiwa jikoni nikasikia watu wanasaidiana kushusha mzigo juu ya basi. Ni Mama, kaleta godoro la watu wawili, jipya, bado limefungwa kwa kamba. Akaniuliza chumba cha pembeni kina nani. Nikasema hakina mtu. Akalitandika mwenyewe, akalikandamiza huku na huku kwa viganja, na goti lake hilo hilo bovu. Akanywa chai na Mama Novatus, akapanda basi la jioni akarudi kwake. Hakuacha ujumbe wowote, kwa hiyo sina ujumbe wa kukufikishia.

Shuka nimenunua mimi.

Mpwa wako akungojaye,
Mwamvita